Kibao cha Kisima, Langoni

Ofisi ya maji ilinipa bati,
futi nne kwa mbili, na karatasi yenye muhuri.
Mistari miwili, wakasema, ndivyo sheria ilivyo:
Kiingereza juu, Kiswahili chini.
Rangi nyekundu nijinunulie, risiti nilete.

Nikaanza na juu. Maana ya yale maneno
siijui yote, ila maungo yake nayajua:
S ni nyoka, mkono ukitetemeka anakuuma.
Kisha chini yake, kama nilivyoandikiwa:
MAJI HAYA SI YA KUNYWA.

Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama, punda akanipisha.
Mkono wangu ulikuwa umeandika J
ambayo mdomo wangu haujaitia katika neno hilo
tangu nilipoachishwa ziwa.
Kwetu ni mai. Mai ya kunwa, mai ya kutawadhia,
mai ya moto ya mzazi, siku arubaini.
Shuleni nilichapwa kwa sababu ya mato.
Nikaandika macho, nikapata tiki,
nikarudi nyumbani, nikafumba mato, nikalala.

Bati lilibakiza nafasi, viganja viwili.
Njogu, kijana wa Mpeketoni anayenikorogea rangi,
akauliza, "Hapo chini unaweka nini?"
Nikatwaa brashi ndogo, ile ya nambari za milango:
MAI HAYA SI YA KUNWA.
Akacheka hadi mkebe ukamponyoka.
"Fundi, Kikuyu umejifunza lini?
Mai! Mama yangu huyaita hivyohivyo."

Hata laasiri haijaingia, kisima kina baraza.
Ngowa mchukuzi akatua gunia la saruji, akadai madzi.
Dekow wa duka la vitambaa akasema biyo,
mwanawe akamsahihisha lafudhi, wakagombana kidogo.
Na yule mama wa Kiaweer, mwuza asali,
aliyetoka msituni Boni na madumu mawili,
alisimama tu. Tukamwuliza.
Alilitaja mara moja, taratibu,
kama anayehesabu sarafu za mwisho.
Nilishika brashi.
Sikujua nianze na herufi gani.

Afisa alikuja Jumatatu.
"Huu wa tatu ni makosa ya tahajia," akasema.
Sikubishana naye. Nilikuwa sijalipwa.
Rangi nyeupe, mkono mmoja, mkono wa pili,
na kwa kuwa jua lilikuwa kali, ikakauka upesi.
Akanipa pesa za mistari miwili.

Jumanne asubuhi Esha wa darasa la pili
alikuja na ndoo ya kufulia.
Akafuata maandishi kwa kidole: ma-ji, ha-ya, si, ya,
akakwama penye kunywa, akaruka.
Kisha akagusa pale peupe.

"Yana hapa tini palikuwa na maneno," akasema.
"Yale naliyasoma bila ya chanda."