Mstari Usiochorwa

Sitazami shabaha.
Hilo ndilo la kwanza nililofunzwa, na ndilo gumu:
saa ikilia, macho ya wote hukimbilia mbele,
kwenye karatasi na sahani za chuma;
yangu hubaki mkononi mwa mtu,
kwenye kidole na mtutu.
Miaka sita mwamuzi, sijaona risasi ikipiga.

Tuko Mwakirunge, ndani ya machimbo yaliyokwisha mawe.
Ukuta wa matumbawe umetuzunguka pande tatu,
mbele yake mchanga, lori kumi na moja
(risiti ninazo, mweka hazina pia ni mimi).
Kassamali wa duka la dawa anagombania tundu moja:
"Zimepita mbili hapo! Tazama ukingo!"
Naweka kipimo cha plastiki, nachungulia.
Ukingo umechanika mara mbili. Nampa.
Kwenye karatasi, shaka ni mali ya mpigaji.

Kisha akaja Mwashigadi,
mlinzi wa lango namba tisa bandarini, sasa mstaafu,
aliyenishika viwiko mwaka ule naanza
akaniambia, "Saumu, bastola si kanga iliyoloa, usiikamue."

Pakia. Jiweke tayari.
Akapakia.
Uko tayari?
Hakujibu; hapa kunyamaza ndilo jibu.
Subiri.

Lo, alivyokwenda! Goti bovu likasahau ubovu wake.
Mbili, mbili, chuma kikalia na kulala,
kunguru wakapasuka kutoka ukutani,
maganda yakanidondokea ukosini, ya moto kama bisi.
Nyuma ya kamba walishaanza kunong'ona muda.
Akafika kwenye pipa la buluu, magazini imekwisha,
akajipinda kuchomoa nyingine kiunoni,
kiwiliwili kikageuka,
mkono ukafuata kiwiliwili,
mtutu ukafuata mkono,
ukauvuka ule mstari ambao hakuna aliyeuchora,
unaopita sikio hadi sikio la kila asimamaye hapa.

Kiasi gani? Upana wa ukucha.
Muda gani? Kope haijarudi.
Lakini nililiona tundu.
Ukiwa nyuma ya mpigaji huwezi kuliona tundu,
ila limekuja kukuona wewe.

"Simama!"

Sauti hiyo sikuijua kuwa ni yangu.
Toa risasi. Onyesha. Ikiwa tupu, shusha nyundo. Ala.
Uwanja salama.

"Mimi sikuona kitu," mmoja akasema.
"Mzee wa watu, Saumu. Mpe onyo."
Onyo lipo kwa mguu uliokanyaga nje ya ubao:
mguu hukatwa alama, ukaendelea.
Kwa mtutu hakuna onyo. Kwa mtutu mtu anaifunga bastola yake,
siku yake imekwisha.
Husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.
Hawasemi viganja vya anayeuvuta huota nini.

Akaja mezani. Ana haki ya rufaa,
ada elfu tatu, hurudishwa akishinda.
Nikaona mkono unaingia mfukoni
na moyo wangu, niseme kweli, ukafurahi:
waamue wengine watatu, si mimi.
Alitoa miwani.
Akaisoma fomu yote, hadi nambari ya mchapishaji.
"Ulisimama wapi?"
"Kushoto kwako, hatua moja nyuma."
Akatazama hapo mahali, mchanga una alama ya viatu vyangu.
"Basi lilikuwa wewe," akasema,
akatia saini, herufi moja moja.

Hakwenda nyumbani. Alichukua utepe na gundi
akawa anaziba matundu ya wenzake hadi alasiri,
akiyalainisha kwa kidole gumba
kama mtu anayebandika plasta kwa mtoto.
Mara moja tu alinipitia karibu.
"Saa ilikutetemeka mkononi," akanong'ona. "Viwiko."

Muda wake ulikuwa bado kwenye kioo cha saa hiyo.
Sikuusoma kwa sauti, wala karani hakuuliza.
Ninaujua.
Nikabonyeza, zikarudi sufuri,
nikaita jina linalofuata.