Zamu ya Seixas

Breki zilikatwa Jumatatu.
Jumatano kigae cha paa
kilimkosa Benedita kwa upana wa kiganja.
Leo nimeonja maziwa yake kwanza,
nikangoja, macho kwenye saa,
naye anacheka: "Bwana Seixas, hujafa tu?"

Ana miaka kumi na mmoja
na mapipa elfu nne ya mvinyo
ng'ambo ya mto Douro.

Mjomba wake huja kila jioni
na waridi, na pole nyingi.
Leo viatu vyake vina vumbi jekundu.
La vigae.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa;
hawakusema ufanyeje
mtoto akiipenda nguo.

Kengele. Anamkimbilia mlangoni, mikono wazi,
nami nasimama katikati yao
kama mtu anayetafuta kofia yake.