Majivu ya Alhamisi

Winnipeg, mwezi wa Machi, saa kumi na moja alfajiri,
baridi inauma hata kope.
Mtambo wa gesi ulikufa Januari;
kamati inakutana, inakunywa chai, inaahirisha.
Kwa hiyo sinagogi hili dogo la barabara ya Selkirk
linaota moto wa kuni,
jiko la chuma lililosahauliwa chini
kwenye ghala la viti vibovu.

Mimi ndiye mwangalizi. Nafungua, nafunga, nahesabu balbu.
Kuzoa majivu ni kazi yangu,
imeandikwa kwenye mkataba, mstari wa sita.
Lakini Fishel Kagan hunitangulia.

Hutundika koti lake jema msumarini,
huvaa shati la kitani lililochakaa viwiko,
hupiga magoti kwa awamu: goti moja, pumzi, la pili,
kisha koleo kinywani mwa jiko.
Hataki msaada.
"Shika ndoo," huniambia, "na usiseme."

Baba yake, wanasimulia, alikuwa kuhani wa kutajwa,
sauti ya kutikisa vioo; picha yake bado iko ukutani.
Mwana akawa fundi wa zipu, kiwanda cha makoti,
miaka arobaini na mmoja.
Sikukuu zikifika hupanda mbele, hujifunika shuka,
huinua mikono ya baraka, nayo inatetemeka
kama ya mtu anayetafuta swichi gizani.
Nami mtoto wa Tanga, mwenye methali kwa kila mlango,
nilisema moyoni: moto huzaa jivu.

Nilisema. Siwezi kujitoa.

Alhamisi hii alikalia gogo, akafungua Torati,
akanisomea sehemu ya juma kwa kidole,
akitafsiri na kukohoa:
kwamba kazi ya kwanza ya kuhani,
kabla ya sadaka, kabla mtu hajaona moshi,
ni kuondoa majivu ya usiku.
Yeye mwenyewe. Asitume mtu.
Kisha abadili nguo, ayabebe nje ya kambi,
mahali safi.

"Mahali safi," alirudia, "kwa majivu!
Kilichoungua kwa ajili yako
hukitupi jalalani."

Tukatoka. Ngazi zilikuwa kioo.
Akanyunyiza ya kwanza, ya pili, ya tatu,
taratibu, kama mtu anayelisha vifaranga.
Ruchel Sokolov atapita hapa na gongo lake,
na Pinye mwenye nyonga ya chuma,
na tarishi, ambaye haamini chochote.
Na mimi. Majira yote haya sikuteleza hata mara moja
nikadhani ni viatu vyangu.

Kisha akatoa mkate mfukoni, mkate mzima.
Daktari amemwambia jana moyo umetulia.
"Shukrani hailali," alisema. "Kwa sheria yetu
asubuhi isiikute. Peke yako utaimalizaje?
Lazima uite watu."
Akampungia mkono dereva wa gari la kukwangua theluji,
kijana Mfilipino mwenye usingizi,
tukala watatu tumesimama, midomo ikitoa mvuke,
na mkate ulikuwa na ladha ya moshi kidogo.

Ndani tena, aliendelea na ukurasa.
Alisoma jinsi wana wa Haruni walivyowekwa wakfu:
damu kwenye ncha ya sikio la kulia,
kwenye gumba la mkono, kwenye gumba la mguu.
"Kwa nini hapo?" niliuliza.
Alijikuna sikio. "Sijui. Pengine
asikie kwanza, ndipo ashike, ndipo aende.
Wengi wetu huanza na mguu."

Alikuwa na jivu sikioni. Na kwenye gumba.
Na kwenye ncha ya kiatu cha kulia, jivu.
Sikumwambia.

Picha ya baba ilitutazama toka ukutani,
safi, haina vumbi; nilikuwa nimeipangusa mwenyewe.

"Kesho koleo ni lako," alisema, akiinuka kwa awamu,
"huu mgongo umeniaga."
Alivua shati la kitani, akalikunja mara nne,
akaliweka juu ya ndoo.

Nami nikaanza kutafuta
msumari wa koti langu.