Nusu Saa ya Maji

Mahakamani Ibra waliandika: ugomvi wa maji.
Zamu ya falaji, nusu saa.
Mitende kumi na mmoja, ukuta uliobomolewa usiku.
Karani hakuuliza zaidi. Angeuliza nini?

Nilikuwa na miaka tisa, nimebeba sahani ya tende,
siku baba yangu Suweid aliposimama matangani
kutoa pole kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
Ile ain ya kwanza ikamkwama kooni,
ikatoka alifu, nyepesi, ya kwetu.

Muhanna akairudia. Mara moja tu.
Hakutukana.
Aliirudia kama mtu anayeonja chumvi,
na baraza zima likacheka ndani ya vikombe vya kahawa.

Baba naye alicheka.
Hilo ndilo nisiloweza kulisahau: alivyocheka
akivitazama viatu vyake mlangoni
kana kwamba anavihesabu.

Miaka kumi na minne ya sauti ya chini.
Halafu mtaimbo.

Leo wazee wanayapima maji kwa dakika,
wanataja fidia, mbuzi, saini mbili.
Muhanna anaapa hana kinyongo na mtu,
na ni kweli, maskini:
hana hata kumbukumbu.

Nami nyuma ya pazia, nina shahada ya lugha yao,
nina neno moja ulimini, *aibu*.
Kwao lina ain, kwetu halina.
Nalijua kwa matamshi yote mawili.
Hakuna aliyeniuliza.
Nje, maji yanapita kwenye mfereji,
ya nani, sijui.