Muhuri

Sampuli ya arobaini na moja
imefika Tartu alfajiri ndani ya barafu kavu,
na nje nako barafu, mto Emajõgi umeganda.
Kipande cha titi, kidogo kuliko punje ya mchele.
Mwenyewe simjui. Karatasi yasema: miaka hamsini na miwili,
mshonaji, havuti sigara.

Nasoma herufi zake, A, T, G, C,
zilivyopangana tangu tumboni mwa mamaye.
Hakuna iliyoanguka. Hakuna iliyokosewa.
Jeni ya kukarabati ipo, nzima, neno kwa neno,
ila pale mlangoni, karibu juu ya kila C,
kimebandikwa kitu: kaboni moja, haidrojeni tatu.
Basi.
Na jeni imefumba mdomo.

Mama yangu, Helve, alikuwa mtunza vitabu
zamani zile za wakubwa wa Moscow.
Kitabu kilichokatazwa, si kila kimoja kilichomwa;
kingine kiligongwa muhuri wa pembe sita
kikashushwa chumba cha chini, kufuli likabana.
Hakuna ukurasa uliochanwa.
Kilikuwepo. Hakikusomwa.
"Kimya si kifo," alisema akimenya viazi,
"ila ukivitazama kwa mbali utavifananisha."

Kwa mshonaji huyu muhuri umegongwa pasipopaswa,
na pengine, palipopaswa, umebanduka:
jeni zilizolala tangu yeye kiinitete
zimeamka, zinapayuka, zinahimiza
gawanyika, gawanyika, gawanyika.
Mwenye la kusema kanyamazishwa,
wa kunyamaza kapewa kipaza sauti.

Iko dawa ya kubandua.
Haichagui mlango, hufungua yote,
ya kusomwa na ya kuachwa ilale,
na damu ya mgonjwa hulipa gharama.
Urmas, bosi wangu, asema tuandike tuonacho, si tutakacho.
Naandika: asilimia themanini na tatu, imefungwa.
Kisha nakaa kidogo na glavu zangu mkononi,
nikiwaza ana uzi wa rangi gani
kwenye sindano aliyoiacha nyumbani.

Ghala lilipofunguliwa, mama alipandisha vitabu
kwa mkokoteni, siku tisa, mgongo ukimuuma,
akapangusa mihuri kwa kitambaa na spiriti.
Haikutoka yote.
Kimoja kipo kwangu, juu ya friji,
doa la zambarau limekaa juu ya jina la mwandishi.
Kinasomeka,
ukikiinamisha kuelekea dirishani.