Mita Nne za Kadutu

Mhariri ametaka maneno mia nne
kuhusu sayansi ya kuzeeka vizuri, na biashara yake,
yamfikie kabla umeme haujakatika.

Nilianzia Muhumba, ukumbi wa hoteli,
viti vimevishwa nguo nyeupe kama bibi harusi,
na bwana Mulangane, suti ya rangi ya majivu,
ameshika kichupa kwa vidole viwili
kama mtu aliyemnasa nyuki bila kuumwa.
Dola themanini na tano. Vidonge vya mwezi.
"Seli zenu zimesahau kazi, hivi vinazikumbusha."
Watu wakacheka, wakaandika majina.
Nikanyosha mkono: mlivijaribu kwa watu wangapi?
Akasema: panya walichangamka sana.
Panya wangapi?
Maikrofoni ikahamia safu ya nyuma.

Nikapanda Kadutu kwa daktari Cibalonza.
Mtambo wake ni kipande cha chaki
na saa ya mkononi iliyokatika mkanda.
Amechora mistari miwili sakafuni, kati yake mita nne,
na wazee wamekaa kwenye benchi wakingoja zamu,
mmoja na gunia lake la makaa, hataki kuliacha mlangoni.
"Tembea kama unavyokwenda sokoni," anawaambia.
Anasema hatua husema mapema
yale ambayo moyo na mapafu bado vinayaficha.
Kisha akaona kalamu yangu ikikimbia, akaizuia:
usiandike "imethibitika."
Andika "inaelekea."
Nimepima watu mia moja na kumi na wawili,
kumi na tisa hawakurudi,
na sijui kama ni ugonjwa, au nauli.

Jioni nikataka kumpima baba.
Nilitembea na futi toka jikoni hadi chooni:
uwanja wetu hauna mita nne zilizo tambarare.
Mji huu wote umeegemea kitu.
Basi nikachora chaki kwenye njia ya kupanda,
kutoka jiwe la kufulia hadi mlango wa Mama Nsimire,
naye akatoka kutazama, mikono ina unga wa muhogo.

Fomu inauliza umri.
"Andika themanini," akasema baba.
Kwa watu wa pensheni alisema sabini na sita.
Kwa padri, siku ya mazishi ya mama, themanini na tatu.
Nikamwambia: baba, sayansi inataka mwaka.
"Mwaka? Mimi nilizaliwa ule mwaka mahindi yalikataa.
Wewe mwenye kusoma, tafuta."
Nimetafuta. Jedwali zote nilizo nazo
zina safu ya umri, safu ya uzito, safu ya sukari;
hakuna safu ya mahindi.

Alivua kofia, akanipa nishike.
Miaka thelathini na moja aliendesha lori la chai,
goti la kushoto bado linatafuta klachi.
Alipanda. Hakutazama chini.
Sekunde saba na nusu.
Nikaandika, halafu sikujua niilinganishe na nini.

Simu ya mhariri: Mulangane amelipia matangazo,
majuma manne, asubuhi na jioni.
"Hao panya," akasema taratibu, "ni wa lazima?"
Nikasikia anavyovuta pumzi. Ana watoto watano.
Nikasema ni wa lazima.
Akanyamaza, akasema basi wawe wachache.
Nikasema ndiyo swali lenyewe, ni wangapi.

Umeme ukakatika nikiwa na maneno mia tatu na kitu.
Namalizia kwa tochi ya simu, mlangoni,
nafuta "imethibitika" iliyojipenyeza mara mbili,
naweka "inaelekea",
na huko chini kwenye jiwe la kufulia
kuna mtu anakohoa, anakung'uta viatu.
"Ile ya kwanza nilikuwa nimetoka kula," ananiita.
"Washa saa yako."