Madai ya Karani Semkiwa

Daftari lina jalada la kijani, kona zimeliwa na mende.
Juu ameandika kwa wino wa kuchovya:
MANENO YALIYONIPITA KAZINI.
Yalishuka na barua za wanunuzi wa katani,
akayapokea kama wageni wasiotaja ukoo,
usiku, kwa kibatari, Ngamiani, barabara ya kumi na nne:
Nyie wa nani? Mmetokea wapi?

Saizali.
Si jina la mmea, ameandika. Ni bandari,
huko Meksiko, mzigo ulikopakiwa tu.
Mzungu akausoma mhuri wa gunia
akadhani gunia linajitambulisha.
Chini yake, kwa penseli:
Ingeanzia kwetu, dunia nzima ingesokota kamba za Tanga,
na baharia angeuliza, kamba za tanga
au tanga la kamba?

Korona.
Hii haihitaji maelezo kwa mtu wa Pongwe.
“Yuko korona” maana yake yuko mashineni,
majani yanasagwa, maji ya mkonge yamefika magotini,
na usiku mzima atajikuna.
Kilatini: taji.
La nani? ameuliza, kisha akaacha mstari mtupu.
(Mwaka ule wa barakoa, redio ilipolitaja,
wazee walitazamana barazani:
si waliifunga zamani, imerudi lini?)

Tara.
Uzito wa gunia lenyewe,
unaoutoa mizanini ibaki mali peke yake.
Hapa mwandiko unakimbia, nukta zimemponyoka:
Neno la chuoni hili! Maalimu Shekue angelijua,
twaraha, kutupa.
Mwarabu kalitupa, Mtaliano kaliokota,
Mwingereza kaniletea ndani ya bahasha
na stempu kabandika.

Dimareji limekula kurasa tatu.
Meli ikicheleweshwa, aliyeichelewesha hulipa,
siku kwa siku.
Na Tanga meli haikufika gatini, ilisimama kule mbali,
matishari yakaenda yakarudi,
wingu likitanda kazi inasimama, katani isilowe,
saa ya nahodha haisimami.
Asili: Kifaransa cha kale, kukaa, kukawia.
Ajabu, ameandika. Sisi tunasema kawia ufike.
Wao wanasema kawisha ulipe.

Shamba lilipofungwa aliambiwa asubiri mafao.
Alisubiri. Alinunua viatu vya kusubiria,
vikaisha soli, akanunua vingine.
Katikati ya kurasa zile tatu
nimekuta nakala ya kaboni, imekunjwa mara nne:

Kwa Mheshimiwa Mfilisi,
YAH: MADAI YA DIMAREJI.
Mimi si meli, lakini nimetia nanga
kwenye benchi la ofisi yenu
siku elfu nne na kumi na saba.
Natoa tara, maana nimeishi kwa mizani
na sitaki kuwauzia gunia:
siku tatu za harusi ya Mwanakheri;
siku moja nilipokula pweza wa nazi kwa dada yangu, Chumbageni,
nikasahau kabisa kuwa nawadai;
na siku moja mjukuu wangu aliposoma neno lake la kwanza
kwenye mlango wa duka la mafuta ya taa.
Alisoma TUMEFUNGUA. Duka lilikuwa limefungwa.
Sikumsahihisha.
Zinabaki siku elfu nne na kumi na mbili.
Kiwango cha kila siku mtapanga wenyewe.
Ni mimi, mwaminifu wenu.

Mjukuu ni mimi.
Nimepekua daftari lote, nimepekua na sanduku,
nimekung’uta hata msahafu wake:
jibu hakuna.
Kuna mhuri wa IMEPOKELEWA, wa zambarau,
umegongwa kichwa chini.